Miaka mingapi mpaka binti awe daktari wa meno?



Juma hili tunaandika juu ya swali ambalo limeletwa katika mikutano yetu ya AVEC zaidi ya mara moja. Linakuja kwa njia ya simu. Ndugu zetu waliokimbilia Tanzania, wakakaa Nyarugusu miaka na miaka, kisha wakapelekwa Marekani, wanapiga na kutoa habari njema: mtoto wa dada yako amemaliza shule, amekubaliwa kusomea udaktari wa meno, tena hapiti ile njia ndefu. Anapita njia fupi, chuo kikuu na shule ya meno vimeunganishwa, miaka 7 tu. Mama wa huku anafurahi, anamwomba Mungu ambariki mtoto. Akishakata simu anamtazama binti yake anayesoma bioshimi na kujiuliza: na huyu wangu? Iko wapi njia fupi ya kwake, na inalipiwa nini?

Tuseme mapema kwamba pesa zimeanza kuguswa kwa sababu ya swali hili. Mama mmoja katika vikundi vyetu alikuwa tayari kuchukua mkopo ili alipe mtu aliyemwahidi binti yake cheti cha dantisti kwa miezi 6, bila mitihani, bila hospitali. Mwenye ahadi hiyo alitaka nusu ya pesa kabla hata ya kuonyesha shule iko wapi. Wenzake walimzuia mama yule, lakini alibaki na uchungu, akidhani wamemzibia mtoto njia. Ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili taratibu, tangu mwanzo.

Kule Marekani, njia ya kawaida ni ndefu kweli. Mtoto akimaliza sekondari haingii shule ya uganga. Anaingia kwanza chuo kikuu, anasoma miaka 4, mara nyingi biolojia au kemia, anapata digrii ya kwanza. Katika miaka hiyo anafanya mtihani mkubwa wa kuingilia shule za meno, unaoitwa DAT. Kisha anaomba nafasi, anaitwa kuhojiwa, na akipata anasoma tena miaka 4. Jumla ni 8. Mtoto aliyemaliza sekondari na miaka 18 anatoka daktari akiwa na 26, kama hakuanguka mahali popote.

Sasa hii njia wanayoiita ya kuunganisha. Chuo kikuu na shule ya meno wanapatana: mtoto anachaguliwa mara moja, bado yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anahifadhiwa kiti katika shule ya meno kabla hajaanza hata chuo. Anasoma miaka 3 ya chuo badala ya 4, halafu anavuka. Mwaka wake wa kwanza katika shule ya meno unaandikwa pia kuwa mwaka wa nne wa digrii ya kwanza. Wenye kushika madaftari ya AVEC wataelewa upesi: mwaka mmoja umeandikwa katika madaftari mawili. Hapo ndipo 8 inapokuwa 7. Chuo Kikuu cha New York kina mpango wa namna hiyo, 3 na 4. Kuna kingine huko California, University of the Pacific, ambacho shule yake ya meno iliyoko San Francisco inafundisha miaka 3 badala ya 4, kwa kusomesha karibu bila likizo. Hapo mtoto anaweza kupita kwa miaka 3 na 3, na wachache wenye nguvu sana kwa 2 na 3, yaani miaka 5 yote.

Ni jambo zuri, hatulikatai. Familia inaokoa ada ya mwaka mzima, na mtoto anaanza kupata mshahara mapema. Lakini wanaopiga simu husahau kutaja masharti. Kiti kile kimehifadhiwa kwa kamba nyembamba. Mtoto lazima ashike alama za juu kila muhula, na katika mipango mingi DAT ipo palepale na kuna kiwango asichoruhusiwa kushuka chini yake. Akishuka, kiti kinakwenda. Tena anatakiwa kuamua maisha yake akiwa na miaka 17.

Kwa maoni yetu, kwa mtoto aliyefika Marekani na miaka 14 au 15, akitoka shule ya kambini ambako alisoma kwa Kifaransa kwa kufuata programu ya Kongo, mwendo wa haraka si lazima uwe mwendo bora. Huyo bado anapigana na Kiingereza. Kule kuna vyuo vya mitaa ambako miaka 2 ya kwanza inasomwa kwa bei ndogo, akiwa nyumbani kwa mama yake, kisha anahamia chuo kikubwa. Atatoka na miaka 26 au 27 badala ya 25. Si aibu. Mashangazi walioko kule tunawaomba wasiwalinganishe watoto kwenye simu.

Na deni nalo lipo. Daktari wa meno wa Marekani aliyesoma kwa mkopo anatoka shuleni akiwa na deni linalokaribia dola 300,000 kwa wastani. Tunaandika tarakimu hii ili mama wa Misisi asije akafikiri kwamba mpwa wake aliyekubaliwa mwaka huu ataanza kutuma pesa mwakani. Tena sheria mpya ya mwaka 2025 imeweka kikomo: kuanzia tarehe 1 Julai 2026, anayeanza shule ya meno hawezi kukopa kwa serikali zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, wala zaidi ya 200,000 kwa masomo yote hayo. Palipobaki, familia itafute kwingine. Mwaka mmoja uliookolewa na ile njia fupi una maana kubwa zaidi kuliko zamani.

Huku kwetu

Turudi sasa kwa binti aliye hapa. Jambo ambalo wengi hawajalitambua ni hili: njia fupi ile wanayoisifu Marekani ndiyo njia ya kawaida ya huku kwetu. Katika Afrika ya Mashariki na katika Kongo, hakuna anayemtuma mtoto kusoma biolojia miaka 4 kwanza. Anatoka sekondari, anaingia uganga wa meno moja kwa moja. Uingereza ni vilevile, miaka 5 baada ya shule. Ufaransa ni 6. Kwa hiyo anayekuja kumuuzia mama wa huku "programu iliyounganishwa" anamuuzia maji ya Ziwa Tanganyika akiwa amesimama Baraka.

Tuhesabu. Ng'ambo ya ziwa, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kilichoko Dar es Salaam, kinafundisha udaktari wa meno kwa miaka 5, na baada yake mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Makerere ya Kampala ni miaka 5. Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka 5. Rwanda ilianzisha shahada yake ya uganga wa meno mwaka 2013, nayo ni miaka 5. Tunajua jinsi jina hilo linavyosikika masikioni mwetu siku hizi. Tunalitaja kwa kuwa shule ipo. Katika nchi yetu, Chuo Kikuu cha Kinshasa kina kitivo cha uganga wa meno, na mtoto anakiingia na diploma yake ya Leta, kwa masomo yasiyopungua miaka 5. Bukavu ina vyuo vikuu vyenye uganga wa kawaida, kile cha Leta, kile cha Wakatoliki na kile cha Kiprotestanti cha Panzi, lakini uganga wa kawaida na uganga wa meno si kitu kimoja. Wazazi wengi wanachanganya hapo.

Binti wa Misisi aliyepata diploma na miaka 18, akienda Dar es Salaam mwaka ule ule, anaweza kuwa daktari wa meno na miaka 24. Anamtangulia binamu yake aliyepita njia fupi ya miaka 7.

Kwa karatasi. Tunajua mama msomaji anacheka hapa, na ana haki. Kwetu urefu wa masomo hauhesabiwi kwa programu ya chuo. Unahesabiwa kwa barabara ya namba 5 iliyofungwa, kwa risasi zilizoanza katikati ya muhula, kwa machimbo yaliyokauka mwaka ambao ada ilitakiwa. Kule Kinshasa wanafunzi wana neno lao, mwaka wa elastiki, maana yake mwaka wa masomo unaovutika kwa sababu ya mgomo wa maprofesa mpaka unakuwa mwaka na nusu. Juu yake kumekuja mageuzi ya LMD, yaliyoanza kutumika katika vyuo vyetu mwaka wa masomo 2021-2022, ambapo ule mpangilio wa zamani wa graduat miaka 3 na licence miaka 2 ulibadilishwa kuwa licence ya miaka 3 na masta ya miaka 2. Waliokuwa katikati walipata taabu. Wanaoanza sasa wanaanza na mpango mmoja, hiyo ni nafuu.

Tusisahau pia kwamba Kinshasa ni mbali na Misisi kuliko Dar es Salaam. Ukipima kwenye ramani utaona. Kinshasa hakuna barabara ya kumfikisha mtoto. Ni ndege, na ndege ni pesa. Dar es Salaam anavuka ziwa mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma kuna reli ya kati ambayo Wajerumani waliifikisha pale mwaka 1914. Watoto wa Kivu kuvuka mpaka ili wasomee uganga si jambo geni. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa Bukavu aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alisomea uganga Bujumbura, akamaliza mwaka 1983. Alirudi, akaanza kazi Lemera.

Yanayotakiwa ili avuke

Anayetaka kumvusha binti ajue vizuizi vitatu, na aanze kuvishughulikia akiwa bado mwaka wa kwanza au wa pili wa sekondari ya juu, si baada ya mtihani wa Leta.

Cha kwanza ni chaguo la masomo. Vyuo hivyo vya nje vinadai biolojia na kemia, na vingine vinadai fizikia pia. Mtoto aliyesoma pedagojia au biashara, hata awe na asilimia 80, mlango umefungwa. Tunasema hivi kwa sababu hapa kwetu wasichana wengi wanaingizwa pedagojia kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na nyumbani, na kwa kuwa wajomba wanasema ualimu unamfaa msichana. Ualimu ni kazi ya heshima, na nusu yetu sisi tunaoandika ni walimu. Lakini mtoto wa miaka 14 anafungiwa milango mingine yote bila mtu kumwambia kwamba imefungwa.

Cha pili ni lugha. Muhimbili, Makerere, Nairobi na Kigali vinafundisha kwa Kiingereza. Mtoto wetu amesoma kwa Kifaransa. Mwaka mmoja wa kujifunza Kiingereza ni kawaida, na afadhali aufanye mapema, jioni na likizo, kuliko kuulipia baadaye kama mwaka mzima. Kiswahili chake kitamsaidia mitaani na kwa wagonjwa, darasani hapana.

Cha tatu ni usawazishaji wa diploma. Tanzania haisomi asilimia zetu moja kwa moja. Baraza lao la mitihani, NECTA, linapokea diploma ya kigeni na kutoa karatasi inayosema ni sawa na kiwango gani cha kwao. Nchi nyingine nazo zina ofisi za namna hiyo. Hapo bulletini zote za sekondari zinaombwa, pamoja na diploma yenyewe, na tafsiri ya Kiingereza. Jambo hili linachukua miezi, si siku.

Kuhusu ada, Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Vyuo vingi vina bei mbili au tatu: ya raia, ya Jumuiya, na ya wageni kabisa. Mzazi akiomba nafasi aulize kwa maandishi: mtoto wa Kongo anawekwa katika bei ipi? Tofauti inaweza kuwa kubwa, na hakuna atakayeitaja kama hukuuliza.

Wale walioandikishwa kuwa wakimbizi, kama ndugu zetu wa Nyarugusu, wana mlango mmoja ambao sisi wa huku hatuna. Ni msaada wa masomo unaoitwa DAFI, ambao shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa limeuendesha tangu 1992 kwa pesa zilizoanzia kwa serikali ya Ujerumani. Unalipia chuo kikuu katika nchi ya ukimbizi. Nafasi ni chache na wanaoomba ni wengi, lakini tunashangaa kuona jinsi mabinti wachache wanavyopeleka maombi.

Halafu kuna ngazi ya chini, ambayo kwetu sisi ndiyo tunayoipenda zaidi, ingawa haina jina la kujivunia. Tanzania ina diploma ya tabibu wa meno, miaka 3. Uganda inao maofisa wa afya ya meno wa miaka 3 vilevile. Hawa wanang'oa, wanaziba matundu, wanasafisha, wanafundisha shuleni. Yaliyo makubwa wanayapeleka kwa daktari. Aliyemaliza na kufanya kazi anaweza baadaye kuomba nafasi ya digrii. Ni njia inayopanda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina mshahara. Kwa familia inayoishi kwa machimbo, ambako mwezi huu kuna dola na mwezi ujao hakuna hata chumvi, afadhali ngazi tatu fupi kuliko ngazi moja ndefu inayoweza kuvunjika katikati.

Wanawake wa zamani nao walipita hivyo. Mwanamke wa kwanza duniani kupata digrii ya meno alikuwa Lucy Hobbs Taylor, Mmarekani. Aliomba shule, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Akajifunza kwa daktari mmoja mmoja, akafungua chumba chake cha kazi mwaka 1861, akang'oa na kuziba miaka kadhaa bila digrii. Mwaka 1865 shule ya meno ya Ohio iliyokuwa imemkatalia ikamfungulia mlango, ikahesabu miaka ile ya kazi kuwa masomo, na Februari 1866 akamaliza baada ya miezi michache tu darasani. Hiyo nayo ilikuwa njia fupi, ingawa yeye alikwisha kuilipia mbele. Ida Gray, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa daktari wa meno kule, alimaliza Michigan mwaka 1890. Naye alikuwa amefanya kazi katika chumba cha daktari wa meno tangu akiwa msichana. Leo zaidi ya nusu ya wanafunzi wa meno wa Marekani ni wanawake.

Kwa nini meno

Baadhi ya wazee wetu wameuliza: kwa nini tunasumbuka na meno, na hali wamama wanakufa kwa uzazi na watoto kwa malaria? Swali ni la haki.

Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa, na kwamba katika Afrika kuna daktari mmoja wa meno kwa watu 30,000 hivi. Hiyo ni kwa Afrika nzima, pamoja na miji mikubwa. Huku kwetu anayeng'oa jino mara nyingi ni infirmier mwenye moyo, au mtu wa soko mwenye koleo. Mama mwenye jino bovu haendi shamba, haendi soko, halali, na anameza vidonge vya kila rangi mpaka tumbo linaharibika. Uvimbe wa jino ukishuka shingoni unaweza kumziba mtu pumzi.

Lakini kubwa zaidi ni watoto. Kuna ugonjwa unaitwa noma. Unashika hasa watoto wa miaka 2 mpaka 6, wenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua. Unaanza kama kidonda cha ufizi kinachotoka damu na harufu mbaya. Ndani ya siku chache uso unavimba, na nyama ya shavu inaanza kuoza. Bila matibabu, watoto wengi sana hufa, na anayepona anabaki na uso ulioharibika. Ukikamatwa mwanzoni, dawa ya antibiotiki ya kawaida, kusafisha kinywa na chakula kizuri vinausimamisha. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Surua tunaijua, utapiamlo tunaujua. Mama ukiona ufizi wa mtoto unatoka damu na kunuka, usingoje: mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na useme neno noma, kwa sababu hata wauguzi wengine hawajaliona.

Na kuna jambo tunaloliandika kwa ujasiri, tukijua litawakera wengine. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa wakati ufizi unavimba, kuna wanaosema ana meno mabaya ndani, yale ambayo ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa wanayaita meno ya plastiki, na kuyachimbua kwa kisu, sindano au spoku ya baiskeli. Yanayotolewa ni meno yake ya kweli ambayo hayajaota. Mtoto anapoteza damu, anapata sumu ya kidonda, pepopunda, hata virusi vya ukimwi kutoka chombo kilichotumika kwa mwingine. Na kuhara, ambako ndiko kulikokuwa kunamuua, kumeachwa bila maji ya chumvi na sukari. Bibi anayefanya kazi hiyo hana nia mbaya. Lakini kungekuwa na mtu mmoja hapa, binti wa hapa, anayezungumza Kibembe na Kiswahili, aliyesomea vinywa, anayeweza kukaa na bibi yule jioni na kumweleza kwa heshima, mambo yangebadilika upesi kuliko kwa semina za wageni.

Na tuwe wakweli: daktari aliyesoma Marekani si lazima atufae hapa, wala wa hapa hawezi kwenda tu kule. Aliyesoma Dar es Salaam au Kinshasa akihamia Marekani hawezi kufungua mlango wa kazi siku hiyo. Katika majimbo mengi anatakiwa kufaulu mtihani wa taifa na kurudi shuleni miaka 2 au 3 kwanza. Anayemsomesha binti kwa wazo kwamba diploma ya huku ni tikiti ya ndege, ajue hivyo.

Kuhusu karatasi

Jambo la mwisho ni dogo, lakini limewazuia watoto wengi kuliko ada. Karatasi. Wale waliokimbia mwaka 1996 wanakumbuka: watu walibeba sufuria na godoro, bulletini za watoto zikaungua na nyumba. Miaka mingi baadaye, mtu anaombwa matokeo ya mwaka wa nne na hana, na shule yenyewe haina rejista.

Vikundi vyetu vimekubaliana hivi. Kila mama mwenye mtoto wa sekondari, aweke bulletini zote, cheti cha kuzaliwa na diploma ndani ya mfuko wa plastiki mgumu, ule wa kuzuia maji, na auweke pamoja na vitu anavyovishika kwanza akisikia mlio. Apige picha ya kila karatasi kwa simu, au kwa simu ya mtoto wa jirani, na aitume kwa ndugu wawili walio miji tofauti, mmoja afadhali awe nje ya nchi. Mashangazi wa Marekani hapo wana kazi nzuri ya kufanya. Asiye na cheti cha kuzaliwa cha mtoto aende mapema ofisi ya hali ya kiraia. Akingoja mpaka siku ya pasipoti atalipa mara tatu. Na prefe wa shule aombwe mhuri kwenye nakala za bulletini kila mwisho wa mwaka, wakati bado yuko na mhuri bado upo.

Mifuko ya plastiki tumenunua dazeni mbili Baraka. Inapatikana kwa mwekahazina wa kila kikundi, kwa bei tuliyoinunulia.